Daftari la Afya la Manusura wa Bomu la Atomiki: Tathmini ya Huduma kwa Wakorea

Huduma ninayoitathmini hapa hutolewa na serikali ya Japani kwa watu waliopatwa na mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki, nayo huanza na kijitabu kiitwacho daftari la afya la manusura. Mwenye daftari hilo hupimwa afya bila malipo, hulipiwa sehemu ya gharama za matibabu ambayo bima haiilipi, na akiwa na mojawapo ya maradhi yaliyotajwa katika kanuni hupata posho ya kila mwezi, ambayo kwa daraja la kawaida ni zaidi ya yeni 35,000. Akifariki, familia yake husaidiwa gharama za mazishi. Nimeitazama huduma hii kwa upande wa kundi moja tu la watumiaji wake, yaani Wakorea, kwa sababu wao ndio walioifuata mahakamani kwa miongo mingi, na kumbukumbu za kesi zao zinaeleza ubora na upungufu wa huduma hii kwa ukweli zaidi kuliko maelezo yoyote ya wizara ya afya ya Japani.

Nitoe maoni yangu mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kama huduma ya matibabu, daftari hili lina thamani kubwa, na yeyote anayestahili kulipata anapaswa kulipata leo bila kuzungushwa. Kama njia ya kuwatendea haki watu walioteketezwa wakiwa katika nchi ya mtawala wao, kwa silaha ya taifa ambalo wao hawakuwa na vita nalo, halitoshi hata kidogo, kwa kuwa linatibu jeraha pasipo kumtaja aliyejeruhi.

Wakorea walifikaje Hiroshima na Nagasaki? Korea ilikuwa koloni la Japani kuanzia 1910 hadi 1945. Wakulima waliopoteza ardhi walivuka bahari kutafuta riziki, na vita vilipokolea wengine walichukuliwa kwa kazi za lazima katika migodi, viwanda na karakana za meli, zikiwemo za Mitsubishi katika miji hiyo miwili, huku vijana wakiandikishwa katika jeshi la Japani. Wengi wa waliokuwa Hiroshima walitoka wilaya moja ya mashambani iitwayo Hapcheon, katika jimbo la Gyeongsang Kusini, ambayo hadi leo huitwa Hiroshima ya Korea. Bomu la kwanza lililipuka tarehe 6 Agosti 1945, saa 2:15 asubuhi. La pili lililipuka Nagasaki tarehe 9, saa 5:02 asubuhi. Chama cha waathiriwa wa bomu la atomiki cha Korea, kilichoanzishwa mwaka 1967, kinakadiria kwamba Wakorea wapatao 70,000 walipatwa na mabomu hayo, kwamba takriban 40,000 kati yao walikufa, na kwamba wapatao 23,000 walionusurika walirejea Korea. Ni makadirio, kwa kuwa hakuna serikali iliyojishughulisha kuwahesabu wakati ambapo hesabu ingewezekana. Kukosekana kwa hesabu hiyo ni sehemu ya dhuluma yenyewe.

Waliorejea walikuta nchi iliyogawanyika, na miaka mitano baadaye ikaingia vitani. Hapakuwa na daktari aliyejua maradhi ya mionzi, na makovu ya moto yaliyotuna usoni na mikononi yaliwafanya baadhi yao wadhaniwe kuwa na ukoma na kuepukwa na majirani. Japani ilipotunga sheria ya matibabu ya manusura mwaka 1957, sheria hiyo haikutaja uraia kama sharti. Mtu akiisoma maneno yake angeamini kwamba mkulima wa Hapcheon aliyeungua Hiroshima ana haki ileile aliyonayo fundi wa Hiroshima aliyeungua naye siku hiyohiyo. Maofisa hawakuisoma hivyo. Walisema huduma ni ya wakazi wa Japani, na kwa tafsiri hiyo manusura waliorejea kwao wakaachwa nje.

Aliyewalazimisha maofisa waisome sheria upya ni Son Jin-doo. Desemba 1970 aliingia mkoani Saga kwa siri, kwa njia ya bahari, akitafuta matibabu ya maradhi aliyoyahusisha na mionzi ya Hiroshima, akakamatwa kama mhamiaji haramu. Aliomba daftari katika mkoa wa Fukuoka, akanyimwa, na mwaka 1972 akafungua kesi. Alishinda katika Mahakama ya Wilaya ya Fukuoka mwezi Machi 1974, akashinda tena kwenye rufaa, na tarehe 30 Machi 1978 Mahakama ya Juu ya Japani ikahitimisha kwamba hata mtu aliyeingia nchini bila kibali anastahili daftari. Hoja ya mahakama hiyo ndiyo msingi wa yote yaliyofuata: sheria ile, ingawa ina sura ya ustawi wa jamii, ndani yake imebeba fidia ya serikali, kwa sababu madhara yale yalitokana na vita ambavyo serikali yenyewe iliviendesha. Mahakama iligusia pia kwamba mtu kama Son alikuwa raia wa Japani siku bomu lilipoanguka, na kwamba uraia huo aliupoteza baadaye bila kuulizwa hiari yake. Ninaona hukumu hiyo kuwa miongoni mwa maandishi ya haki yaliyo bora kabisa kuhusu waathiriwa wa makoloni, na nasikitika kwamba haijulikani sana nje ya Asia Mashariki.

Lakini tazama wizara ilivyojibu. Son alishinda katika mahakama ya kwanza mwezi Machi 1974, na tarehe 22 Julai mwaka huohuo ukatolewa waraka namba 402, uliosema kwamba haki ya kupata posho inakoma mara tu mwenye daftari anapotoka nje ya Japani. Waraka huo haukupigiwa kura bungeni. Uliandikwa ofisini na kupelekwa mikoani. Kwa maana halisi, Mkorea angeweza kusafiri hadi Japani, kuthibitishwa kuwa manusura, kupewa daftari na kukubaliwa posho, kisha siku anapopanda meli au ndege kurudi kwa mkewe na watoto wake, posho ikakatwa. Hali hiyo ilidumu kwa karibu miaka 29. Mtoa huduma anayemtambua mgonjwa akiwa ndani ya mipaka na kumsahau akivuka mpaka hawezi kusema kwamba anatibu ugonjwa, kwa sababu ugonjwa haukubaki bandarini.

Katikati ya miaka hiyo palikuwa na misaada ya kibinadamu, nayo naitaja kwa kifupi kwa sababu haikuwa haki bali hisani. Kuanzia 1980 hadi 1986, mpango wa serikali za Japani na Korea Kusini uliwapeleka manusura 349 kutoka Korea Kusini kutibiwa Japani, kisha ukasitishwa. Mwaka 1990, Rais Roh Tae-woo wa Korea Kusini alipozuru Tokyo, Japani iliahidi yeni bilioni 4, na fedha hizo zikatolewa kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu. Sehemu yake ilijenga nyumba ya kuwatunza manusura wazee huko Hapcheon, iliyofunguliwa mwaka 1996. Nyumba hiyo imefanya kazi ya heshima, na wazee waliokosa pa kwenda wamepata chakula, uangalizi na wenzao wa kuzungumza nao. Hata hivyo Japani ilizitoa fedha hizo kama msaada wa kiutu, na ikaepuka kwa makini neno lolote linaloashiria kwamba ilikuwa na deni.

Kwak Kwi-hoon ndiye aliyeuvunja waraka namba 402. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu alipoandikishwa katika jeshi la Japani mwaka 1944, akapelekwa Hiroshima, na huko bomu likamkuta. Mwaka 1998 alipata daftari mkoani Osaka pamoja na kibali cha posho kwa miaka mitano, lakini aliporejea Korea malipo yalikatwa. Akashtaki mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mahakama ya Wilaya ya Osaka ilimpa ushindi mwezi Juni 2001, na Mahakama Kuu ya Osaka ikathibitisha tarehe 5 Desemba 2002. Serikali haikukata rufaa tena, na mwezi Machi 2003 sharti lile likafutwa. Kanuni aliyoisimamia inaeleweka kwa mtu yeyote: manusura ni manusura popote alipo. Mzee huyo alifariki mwisho wa mwaka 2022, akiwa ameishi kuona maelfu ya manusura wa Korea, Brazili na Marekani wakinufaika na kesi aliyoianza yeye.

Baada ya hapo maboresho yalikuja moja baada ya jingine, na karibu kila moja lilitanguliwa na kesi. Kuanzia 2005 manusura wa ng'ambo waliweza kuomba posho kupitia ofisi za ubalozi za Japani katika nchi zao, bila kulazimika kusafiri. Mwaka 2007, katika kesi ya manusura wanaoishi Brazili, Mahakama ya Juu ilikataa hoja ya serikali kwamba malipo yaliyozuiliwa na waraka ule yamepitwa na wakati, kwa kuwa aliyesababisha mtu asidai hawezi baadaye kumlaumu kwa kutodai. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2008 yaliruhusu daftari lenyewe kuombwa kutoka ng'ambo. Lilibaki suala la gharama za matibabu, ambazo kwa walio nje zilikuwa zikilipwa kama ruzuku yenye kikomo cha mwaka, huku walio Japani wakilipiwa kwa ukamilifu. Tarehe 8 Septemba 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na manusura wa Korea pamoja na familia za waliokwisha kufariki, kwamba tofauti hiyo haina msingi katika sheria. Kwa hesabu hiyo, usawa wa matibabu kwa manusura wa Hapcheon na wa Hiroshima ulipatikana miaka 70 baada ya bomu.

Utaratibu wa kupata daftari ndio sehemu ya huduma inayonitia uchungu zaidi. Mwombaji huthibitisha kwamba alikuwa mjini wakati wa mlipuko, au aliingia karibu na kitovu cha mlipuko ndani ya wiki mbili, au aliathirika kwa kuwahudumia majeruhi na kushughulikia maiti, au alikuwa tumboni mwa mama aliyepatwa na hali hizo. Uthibitisho unaotegemewa ni hati ya serikali au maelezo ya mashahidi wawili. Kwa mkazi wa Hiroshima aliyebaki na majirani zake, sharti hili lilibebeka. Kwa Mkorea aliyeletwa kwa lazima, akaandikwa kwa jina la Kijapani alilotakiwa kulichukua wakati wa ukoloni, akalala katika bweni la kiwanda na watu waliotawanyika mara tu vita vilipokwisha, sharti hilo liligeuka kuwa hukumu ya kunyimwa. Angempata wapi shahidi miaka 60 baadaye?

Mfano wa Nagasaki unaonyesha ukatili wa sharti hilo. Orodha ya majina ya Wakorea wapatao 3,400 waliokuwa wakifanya kazi za lazima katika karakana ya meli ya Mitsubishi ilihifadhiwa katika ofisi ya serikali inayoshughulika na masuala ya sheria mjini humo, na ofisi hiyo ikaitupa mwaka 1970. Wazee watatu wa Korea walipoomba daftari walikataliwa kwa kukosa uthibitisho, yaani walidaiwa karatasi ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeiharibu. Mwezi Januari 2019 Mahakama ya Wilaya ya Nagasaki iliwasikiliza, ikayaona maelezo yao kuwa ya kuaminika, na kuamuru wapewe madaftari. Wakati huo walikuwa na umri wa miaka zaidi ya 90. Ninaipongeza mahakama hiyo kwa dhati, lakini huduma inayomtaka mzee wa umri huo ashtaki ndipo aaminiwe haiwezi kupata alama nzuri kwa upande wa kufikika.

Haki inanitaka niseme pia mazuri, na mazuri hayo ni makubwa. Anayepata daftari leo akiwa Korea Kusini hupata manufaa ya kweli: matibabu ya saratani, ya moyo na ya mifupa hayamfilisi mwanawe, na posho humwezesha mzee wa kijijini kujinunulia dawa bila kuomba. Aidha, mafanikio haya hayakuwa ya Wakorea peke yao. Wanasheria wa Japani walibeba kesi hizi mwaka baada ya mwaka, na kikundi cha raia kilichoanzishwa Osaka mwaka 1971 kwa ajili ya kuwasaidia manusura wa Korea kiliwatafutia mashahidi, malazi, tafsiri na nauli. Watu hao walisimama dhidi ya serikali yao wenyewe kwa ajili ya wageni, wakati ambapo hapakuwa na sifa wala malipo ya kufanya hivyo. Bila wao, huduma hii isingewafikia Wakorea hata kwa nusu ya ilivyowafikia.

Wapo ambao haijawafikia kabisa. Wa kwanza ni waliokufa kati ya 1974 na 2003 huku waraka ukiwazuia. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba waraka ule ulikuwa kinyume cha sheria na kwamba serikali iwalipe waliozuiliwa yeni 1,200,000 kila mmoja, na kwa muda serikali ikawa inasuluhishana na warithi waliofungua kesi. Baadaye ikabadilisha msimamo: warithi wa waliofariki zaidi ya miaka 20 kabla ya kufungua kesi waliambiwa kwamba muda wa kudai umekwisha, na mwaka 2018 Mahakama ya Wilaya ya Osaka ikakubaliana na serikali. Kwa hiyo wale waliokufa mapema zaidi, ambao ndio walioteseka bila huduma kabisa, familia zao ndizo zilizokosa kila kitu. Siwezi kuukubali mpangilio huo.

Wengine ni manusura walio Korea Kaskazini, ambao kwa kukosekana kwa uhusiano wa kibalozi hawana ofisi ya kupeleka maombi, ingawa sheria inayowahusu ni ileile. Halafu kuna watoto wa manusura. Kim Hyung-ryul, kijana wa Busan ambaye mama yake alipatwa na bomu Hiroshima akiwa mtoto, alijitokeza hadharani mwezi Machi 2002 na kueleza maradhi yake ya upungufu wa kinga, akidai kizazi cha pili kitambuliwe. Alifariki mwezi Mei 2005. Tafiti za muda mrefu kwa watoto wa manusura hazijathibitisha ongezeko la maradhi ya kurithi, nami sitaki kumfanya msomaji aamini vinginevyo. Lakini kutothibitishwa si sababu ya kutompima mtu afya yake na kumsaidia anapougua, na kwa hilo sheria ya Japani na sheria maalumu iliyopitishwa na Bunge la Korea Kusini mwaka 2016 zote mbili zinawaacha nje watoto waliotungwa mimba baada ya bomu.

Sheria hiyo ya Korea Kusini ilikuja imechelewa kupita kiasi. Mkataba wa 1965 kati ya nchi hizo mbili uliipa Korea Kusini dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mkopo, na ukatamka kwamba madai yamemalizwa kabisa na kwa mara ya mwisho. Suala la manusura wa bomu halikujadiliwa ipasavyo katika mazungumzo hayo, na kwa miongo kadhaa Seoul haikutaka kulifukua. Tarehe 30 Agosti 2011 Mahakama ya Katiba ya Korea, ikijibu shauri la manusura 2,542, ilisema kwamba serikali imevunja katiba kwa kutotumia njia za usuluhishi zilizomo katika mkataba uleule. Hiyo ni lawama nzito kwa serikali kutoka kwa mahakama ya nchi yake, na bado usuluhishi haukufanyika. Kilichopatikana ni sheria ya 2016 na jumba la makumbusho la bomu la atomiki lililofunguliwa Hapcheon tarehe 6 Agosti 2017, jirani na nyumba ya wazee. Anayetaka kuelewa suala hili kutoka kwa waliolipitia, badala ya kulisoma kwenye hukumu, aanzie hapo.

Kuhusu kampuni zilizowatumikisha, njia imekuwa ya mawe zaidi. Wafanyakazi wa zamani wa Mitsubishi ya Hiroshima walishtaki nchini Japani mwaka 1995, na katika kesi hiyohiyo iliyowapatia zile yeni 1,200,000 kutoka kwa serikali, madai yao dhidi ya kampuni kuhusu kazi za lazima na mishahara isiyolipwa yalitupwa. Wakashtaki Busan mwaka 2000. Tarehe 29 Novemba 2018 Mahakama ya Juu ya Korea iliamuru Mitsubishi Heavy Industries iwalipe wafanyakazi watano wa Hiroshima won milioni 80 kila mmoja, wakati wadai wenyewe walikuwa wamekwisha kufariki. Kampuni haikulipa, na mwezi Machi 2023 serikali ya Korea Kusini ikatangaza kwamba fedha zitatoka katika mfuko wa Korea yenyewe. Mdaiwa akaondolewa kwenye deni lake na nchi ya mdai, jambo ambalo baadhi ya familia walilikataa kwa sababu walichokuwa wakikitafuta tangu mwanzo ni kukiri kosa.

Hakuna hata moja kati ya kesi hizi iliyomgusa aliyerusha bomu. Mahakama ya Wilaya ya Tokyo, katika kesi ya Shimoda na manusura wenzake dhidi ya serikali ya Japani, iliyoamuliwa tarehe 7 Desemba 1963, ilisema waziwazi kwamba mashambulizi ya Hiroshima na Nagasaki yalivunja sheria ya kimataifa ya wakati ule, kwa kuwa yalilenga miji bila kubagua raia na askari, na kwa kuwa yalisababisha mateso yasiyo ya lazima. Lakini wadai walishindwa: mtu binafsi, mahakama ilisema, hana haki ya kudai chini ya sheria ya kimataifa, na Japani ilikwisha kuyaachilia madai ya raia wake katika Mkataba wa Amani wa San Francisco wa 1951. Hapa ndipo hoja ya Wakorea inapopata nguvu ya pekee. Korea haikutia saini mkataba ule, na haikuachilia chochote dhidi ya Marekani kwa niaba ya watu hao. Hawakuwa taifa lililoanzisha vita. Walikuwa watawaliwa wa taifa hilo, wengi wao wakiwa pale bila hiari. Kila utetezi unaotolewa kuhusu Japani ya kivita unakosa shabaha unapoelekezwa kwa kijana wa Hapcheon aliyechukuliwa kwenda kuunda meli.

Hata kuwaombea marehemu wao mahali pa heshima kuliwagharimu Wakorea miaka mingi. Mnara wa kumbukumbu ya Wakorea wa Hiroshima ulisimikwa mwaka 1970 nje ya Bustani ya Amani na ukahamishiwa ndani mwaka 1999. Rais Obama alipozuru bustani hiyo tarehe 27 Mei 2016 aliwataja Wakorea waliokufa kuwa maelfu, akaondoka bila kufika kwenye mnara wao na bila kuomba radhi. Tarehe 21 Mei 2023 Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini na Waziri Mkuu Kishida wa Japani walisimama pamoja mbele ya mnara huo, wakaweka maua. Ilikuwa ishara njema, lakini Marekani haikuwa na sehemu yoyote katika tendo hilo.

Msomaji wa Lubumbashi au Likasi ana sababu ya karibu ya kulifuatilia jambo hili. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu hayo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, wakati Kongo ikiwa chini ya Ubelgiji. Wachimbaji wa Kongo hawakuambiwa jiwe lile ni la nini wala lina madhara gani mwilini, na hawakuwekewa daftari la afya la aina yoyote. Hivyo upande mmoja wa bomu lile kulikuwa na watawaliwa wa Afrika waliolitoa ardhini, na upande wa pili watawaliwa wa Asia lililowaangukia, na katika miji mikuu iliyoamua hakuna aliyewauliza wala hawa wala wale. Uchunguzi wowote wa uwajibikaji wa Marekani na washirika wake unapaswa kuwasikiliza wote wawili.

Kwa kuwa mahakama za serikali zimewafungia njia dhidi ya Marekani, manusura wa Korea pamoja na SPARK, shirika la Korea Kusini linalotetea amani na muungano wa Korea, wameanza maandalizi ya mahakama ya kimataifa ya wananchi, na tangu 2023 wameitisha makongamano ya wanasheria, mojawapo likifanyika Hiroshima mwaka 2024. Mahakama ya namna hiyo haiwezi kukamata mali wala kumlazimisha mtu afike mbele yake. Inachoweza ni kuuliza swali ambalo halijaulizwa rasmi kwa niaba ya Wakorea, yaani kama urushaji wa mabomu yale ulikuwa halali kwa sheria ya mwaka 1945 yenyewe, zikiwemo kanuni za vita za The Hague za 1907, na kuliweka jibu lake katika maandishi pamoja na ushahidi wa waliokuwepo. Ninaiunga mkono, kwa sharti kwamba ianze na ushahidi kabla ya hotuba. Mwezi Machi 2025 idadi ya wenye daftari wanaohesabiwa Japani ilishuka chini ya 100,000 kwa mara ya kwanza, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 86. Hata wale waliokuwa tumboni mwa mama zao mwaka 1945 sasa wanakaribia au wamevuka 80.

Kwa hiyo ninachokitaka kwa mtoa huduma, nikikipa uzito zaidi ya ongezeko lolote la posho, ni kwamba sharti la mashahidi wawili liondolewe kwa kila Mkorea ambaye kumbukumbu zake zilipotea au kuharibiwa mikononi mwa serikali ya Japani, na kwamba maelezo yake yachukuliwe huko aliko, yaaminiwe mpaka yathibitishwe kuwa ya uongo, kisha nakala yake, kwa ridhaa yake, iwekwe wazi kwa yeyote anayechunguza uhalali wa mabomu yale.